Solo ya Ngoma ni Wimbo wa Kuazima

(Maneno ya Katibu wa Kwaya katika mafungo ya kujiandaa na Jubilei ya miaka 25. Yamechapishwa hapa kwa ombi la Kamati.)





Mwenyekiti ametuomba tuseme machache juu ya safari ya kwaya yetu. Majina ya waanzilishi, ya walimu waliotufundisha na ya ndugu zetu waliotutangulia yatakuwa kwenye kijitabu cha Jubilei, kila mtu atayasoma kwa wakati wake. Leo tumechagua jambo moja tu, nalo ni ngoma. Tumelichagua kwa sababu katika miaka hii yote ndilo lililokaribia kutugawa, na kwa sababu bado sisi viongozi tuna kiporo nalo.

Wengi mnaikumbuka Misa ya sikukuu ya parokia, miaka miwili iliyopita. Kanisa lilijaa mpaka nje chini ya mwembe. Kwa wimbo wa matoleo tulikuwa tumepanga kwamba baada ya ubeti wa tatu sauti zinyamaze, kinanda kinyamaze, na kijana wetu wa ngoma abaki peke yake kidogo, kisha turudi na kiitikio. "Kidogo" ndilo neno tulilolitumia siku ya mazoezi. Hatukusema kidogo hicho ni kiasi gani.

Basi akapiga. Na alipiga, jamani! Mikono ilikuwa haionekani. Alianza na vijiti, akaingia kwenye viganja, akarudi kwenye vijiti, akarusha kimoja juu akakidaka bila kukitazama. Vigelegele vikapaa, simu zikainuka. Waliobeba vipaji wakasimama katikati ya kanisa, maana mdundo waliokuwa wakiufuata kwa miguu hawakuusikia tena. Mama mmoja alikuwa na kikapu cha mahindi na maboga kichwani, akasimama pale pale shingo imekaza. Kisha kijana akainua kichwa kututazama, kwamba sasa turudi. Sauti ya kwanza wakaingia. Sauti ya nne wakaingia mapigo mawili baadaye. Mpiga kinanda akatafuta pa kushika, akakosa, akaacha. Mwalimu akatunyamazisha kwa mkono, tukakianza kiitikio upya. Baba Paroko alitusubiri altareni bila kusema neno.

Jumanne yake Kamati ikakaa. Kikao hakikuchukua hata saa moja. Kumbukumbu zake tuliziandika sisi wenyewe na bado tunazo: solo ya ngoma isipigwe tena katika ibada yoyote ya kwaya hii. Mhusika hakuitwa kujieleza. Alisomewa uamuzi siku ya mazoezi, mbele ya watu. Akaipeleka ngoma kwenye pembe yake, akaifunika kwa leso kama ilivyokuwa desturi yake, akaaga, akaenda. Hakurudi kwa miezi saba. Mama yake aliendelea kuja kila Jumapili, akiimba sauti ya pili katika mstari wa mbele, wala hakutuuliza kitu. Sisi ndio tuliokuwa tukikwepa macho yake.

Aliyetufumbua macho ni Mzee wetu wa ngoma. Wakongwe wa kwaya wanajua kwamba ndiye aliyepiga ngoma tangu siku ya kwanza, na ndiye aliyemfundisha kijana. Siku hizi vidole vyake vimekaza, hashiki kijiti. Tulimwendea nyumbani kumwomba atutafutie mpigaji mwingine. Baada ya chai akatuuliza, "Wanangu, ile solo mnayo kwenye simu?" Tulikuwa nayo. Nani hakuwa nayo? Akasema, "Haya, iwekeni, lakini simu muigeuze kifudifudi. Tusikilize, tusitazame."

Tukasikiliza. Bila kuona mikono wala kijiti kikirushwa juu, solo ile ilikuwa ndogo kuliko tulivyoikumbuka. Hilo lilitupa nguvu, tukadhani Mzee ataafikiana nasi. Lakini Mzee alikuwa akigonga goti lake taratibu, na goti lake na ngoma ya kijana havikuachana hata mara moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana hakupotea. Alituita mahali pale pale alipotakiwa kutuita. Tuliopotea ni sisi.

Mzee akataka tuirudie, akatuuliza, "Kayamba ziko wapi?" Tukatega masikio. Kayamba hazikuwepo. Zilinyamaza punde tu vigelegele vilipoanza. Wapigaji wetu watatu wa kayamba wako hapa leo na wametupa ruhusa tuliseme: mmoja aliweka kayamba chini ili apige makofi, na wawili wakaweka chini ili wapige picha. Kwa hiyo hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa ameushika wimbo wakati kijana anapiga, na wakati wa kurudi hatukuwa na pa kurudia.

Tangu siku ile tukaanza kujifunza upya. Tumejifunza kwa Mzee, tumesikiliza wapigaji wa kwetu na wa mbali, tumesoma maelekezo ya Kanisa. Swali letu lilikuwa moja: ni nini kinachoifanya solo ya ngoma iwe muziki, isiishie kuwa maonyesho ya mikono myepesi? Tunaomba tuwaeleze tulivyoelewa.

Jambo la kwanza ni kwamba solo si kazi ya mtu mmoja. Watazameni wapiga ngoma wa Burundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu. Husimama kwa nusu duara. Katikati iko ngoma inayoongoza, waiitayo inkiranya. Ziko nyingine, amashakwe, ambazo kazi yake ni kushika pigo lile lile bila kukoma. Na ziko ibishikizo, ambazo hufuata linalosemwa na inkiranya. Mpigaji mmoja hujitokeza, akacheza, akaruka, akapiga mbele ya wote, kisha akampisha mwenzake. Macho yetu humfuata anayeruka. Lakini amashakwe zikinyamaza, yule anayeruka hana pa kutua.

Wala hatuna haja ya kwenda Burundi. Majirani zetu hapa Likoni wanapooza, tunasikia msondo, vumi na chapuo za chakacha mpaka usiku. Hazipigi kitu kimoja. Kila moja ina lake, na anayepamba huweza kupamba kwa sababu wenzake hawakuacha la kwao. Katika sengenya ya Wadigo na Waduruma upo upatsu, na katika ngoma za Wagiriama ipo kayamba. Mtu asiyejua huona kayamba kama kazi ya aliyekosa kazi. Sisi tuliiona hivyo, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kuiweka chini.

Hata anayepiga peke yake kabisa hulazimika kujigawa. Marekani alikuwako mpigaji wa dramu aitwaye Max Roach. Mwaka 1966 alirekodi kipande cha ngoma tupu kinachoitwa "The Drum Also Waltzes". Miguu yake inashika mzunguko mmoja wa mapigo matatu, mwanzo hadi mwisho, na juu yake mikono inazungumza, inauliza na kujibu. Miguu yake ndiyo kayamba yake. Msikilizaji anaweza kuhesabu moja, mbili, tatu kutoka mwanzo hadi mwisho asipotee.

Jambo la pili ni kwamba wimbo usikike ndani ya ngoma. Siku ile nyumbani kwake Mzee alitugongea meza kwa viganja, akatuuliza ni wimbo gani. Tulikuwa watu wazima watano, na aliyetutangulia kujibu ni mjukuu wake mdogo aliyekuwa akinywa uji. Alikuwa amesikia kiitikio chetu cha matoleo. Mzee hakuwa na maneno wala noti za kinanda. Alikuwa na sauti mbili tu za meza, nzito ya katikati na nyembamba ya ukingoni, pamoja na urefu na ufupi wa mapigo. Pale tunapovuta neno, yeye aliliacha pigo lilie. Pale tunapokata, alilizima kwa kiganja.

Wenzetu wa Uganda walilifikisha jambo hili mbali sana. Katika jumba la Kabaka wa Buganda kulikuwa na seti ya ngoma zinazoitwa entenga. Zilikuwa 15: 12 zilikazwa ngozi zake ili kila moja itoe sauti yake katika ngazi ya muziki, na watu 4 walizipiga pamoja kutoa nyimbo zenye kutambulikana. Zile 3 zilizobaki zilipigwa na watu 2 kuwasindikiza. Baada ya jumba la Mengo kushambuliwa na majeshi ya serikali mwaka 1966, wapigaji wa jumba walitawanyika na ngoma zile zikanyamaza kwa miaka mingi. Sisi tuna ngoma mbili tu, hatuwezi kupiga kama entenga. Lakini mpigaji wetu anaweza kukumbuka kwamba mwanakwaya aliye nyuma yake anausubiri wimbo, na anautafuta ndani ya mapigo yake. Solo ya sikukuu ile ilikuwa na mapigo mengi mazuri, ila yangeweza kuwekwa katika wimbo wowote. Mzee ndivyo alivyosema: "Alipiga anachokijua. Hakupiga tulichokuwa tunaimba."

Jambo la tatu ni pumzi. Mwalimu wetu hutuwekea alama kwenye karatasi mahali pa kuvuta pumzi, na anayevuta mahali pasipo pake hutazamwa vibaya. Mwimbaji hana budi kupumua, kwa hiyo wimbo huwa na mahali pa kunyamaza hata kama hakupenda. Mikono ya mpiga ngoma haipumui. Anaweza kujaza kila nafasi, na ndilo jaribu lake kubwa. Katika "Take Five", kipande kilichorekodiwa mwaka 1959 na kundi la Dave Brubeck, piano inarudia kifungu kile kile cha mapigo matano huku Joe Morello akipiga solo ya dramu. Ana haraka ya kutosha mikononi, lakini anapiga kidogo, anaacha, piano inasikika, anajibu. Sikilizeni anapoacha. Pale ndipo msikilizaji anapopata nafasi ya kuelewa alichokisikia.

Na kanisa letu linahitaji pumzi hizo kuliko ukumbi wa kurekodia. Paa letu ni la mabati, ukuta ni wa saruji, sakafu ni ya saruji. Pigo likitoka hapa linagonga kule na kurudi kabla halijafa. Mapigo ya haraka yakifuatana, yanapandana, na waliokaa nyuma wanasikia mngurumo tu kama wa lori la kontena. Mapigo machache yaliyoachana yanafika nyuma yakiwa yametengana. Hili tumelijaribu wenyewe, nusu yetu tukakaa mlangoni na nusu mbele, kisha tukabadilishana.

Jambo la nne ni kupanda na kushuka. Kijana alianza kwa nguvu zote na akamaliza kwa nguvu zote. Sisi kwaya hatuimbi hivyo. Beti nyingine tunazianza chini kabisa ili neno likipanda lisikike limepanda. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka. Hata isipopasuka ngozi, masikio ya watu huzoea kelele ndani ya muda mfupi, na baada ya hapo hata ukiongeza nguvu hakuna anayeona tofauti. Anayeanza kwa vidole ana mahali pa kwenda.

Hapa liko na jambo la ngozi yenyewe. Wakati wa masika hewa yetu ya pwani huilegeza ngozi ya ngoma, na ngozi iliyolegea hutoa sauti moja tu, katikati na ukingoni sawasawa. Ngoma ya namna hiyo haiwezi kuimba hata akiipiga nani. Ndiyo sababu Mzee alikuwa akifika saa nzima kabla ya Misa kuianika juani, au kuiotesha moto wa makaa kwa mbali siku za mvua. Tulidhani ni mazoea ya uzee. Kumbe alikuwa akiandaa sauti.

Jambo la tano ndilo tulilolichukua kuwa kichwa cha maneno haya. Solo ni wimbo wa kuazima. Kwaya inampa mpigaji wimbo wake, inamwambia, haya, ushike kidogo. Kitu cha kuazima hurudishwa, na hurudishwa kikiwa kizima. Mpigaji akimaliza, kwaya iweze kuingia kwa pamoja bila kuhangaika, kana kwamba haikuacha kuimba. Hicho ndicho kipimo tulichokubaliana. Makofi ni mazuri, lakini makofi hayatuambii kama wimbo umerudi. Waimbaji wakiingia pamoja tunajua umerudi.

Tusieleweke vibaya kwamba ufundi ni dhambi. Kurudisha wimbo ukiwa mzima ni kazi ya mtu mwenye ufundi mkubwa. Kupiga polepole bila kuyumba ni kugumu kuliko kupiga haraka, ulizeni mtu yeyote aliyefundisha watoto kupiga makofi darasani: dakika moja tu watakuwa wanakimbia. Kupiga kwa sauti ndogo na bado mkono wa kushoto ukawa sawa na wa kulia kunataka mazoezi ya miaka. Yule anayeweza kurusha kijiti na kukidaka ana mkono mzuri, na siku moja mkono huo utahitajika, kwa mfano pale furaha ya Pasaka inapotaka mvua ya mapigo. Zaburi ya 150 inazitaja ala nyingi, na baadhi yake hazina upole. Tunachosema ni kwamba haraka iwe na sababu ndani ya wimbo.

Wako waliotuuliza wakati ule, na si kwa ubaya, kama solo ya ngoma ina nafasi yoyote katika Misa. Wazee wetu wengi walifundishwa kwamba ngoma ni mambo ya kipagani, na mpaka leo wapo wasiotulia wanapoisikia karibu na altare. Tunawaheshimu. Lakini mambo yalibadilika zamani kidogo. Mwaka 1958, huko Kamina nchini Kongo, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, pamoja na kwaya yake waliimba Misa kwa Kilatini juu ya nyimbo na ngoma za Kikongo, ile inayojulikana kama Missa Luba. Baadaye kwaya ya kwetu Kenya, Muungano National Choir chini ya Boniface Mganga, nayo iliirekodi. Mwezi Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitamka kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake, na kwamba ala nyingine zinaweza kukubaliwa katika ibada kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi zifae kwa matumizi matakatifu na ziwajenge waamini.

Kisha Machi 1967 yakatoka maelekezo yanayoitwa Musicam Sacram, na humo tulikuta jibu letu limeandikwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Yanasema ala zisizifunike sauti hata maneno yasieleweke, na zinyamaze wakati padre anaposema kwa sauti sehemu iliyo yake. Halafu yanataja mahali ambapo ala inaweza kupigwa peke yake: mwanzoni kabla padre hajafika altareni, wakati wa matoleo, wakati wa Komunyo, na mwishoni mwa Misa. Hayaruhusu ipigwe peke yake wakati wa Majilio, Kwaresima, Siku Tatu Kuu za Pasaka na katika Misa za marehemu. Kumbe uamuzi wetu wa Jumanne ile ulikataza jambo ambalo Kanisa linaliruhusu. Tulimweleza Baba Paroko, akacheka, akatuambia tulipaswa kusoma kwanza na kuandika baadaye.

Baada ya hayo yote hakukuwa na njia nyingine, tukamfuata kijana. Tulikwenda watatu, jioni, tukamkuta nyumbani. Alitupa shikamoo kama kawaida, akatutolea viti. Tulimwambia tulichokisikia kwenye simu, kwamba hakupotea, na kwamba tulimhukumu kwa kosa ambalo nusu yake ni letu. Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Nusu yangu naijua. Mzee ameshanipa." Hakusema zaidi ya hapo juu ya yaliyopita. Alikuwa na ombi moja tu: wapigaji wa kayamba wawe wanakuja mazoezini mapema, siku ile ile anayokuja yeye.

Tangu arudi tumekuwa na zoezi moja ambalo tungependa kwaya rafiki mlichukue. Tunaimba kiitikio, kisha sauti zote zinanyamaza kwa urefu wa viitikio viwili kamili. Huo sasa ndio "kidogo" chetu, hakuna tena kukisia. Kayamba zinaendelea. Kijana anapiga. Sisi tunaimba moyoni, midomo imefungwa, na Mwalimu anashusha mikono kabisa, haonyeshi kitu. Viitikio viwili vikiisha, tunaingia. Jioni ya kwanza tuliingia kama abiria wanaogombea mlango wa feri. Ya pili, sauti ya tatu walituacha. Ilituchukua karibu mwezi. Jioni tulipoingia wote kwa pigo moja, hakuna aliyepiga makofi. Tuliendelea tu kuimba, na ni mpaka tulipomaliza wimbo ndipo mama yake kijana alipojifuta macho kwa upembe wa leso yake.

Hilo lilitufundisha jambo ambalo hatukulitafuta. Zamani solo ilipoanza sisi tuligeuka watazamaji. Sasa wakati wa solo ndio wakati tunaoimba kwa makini zaidi, ingawa hakuna anayetusikia. Waliobeba vipaji nao wamefanya mazoezi pamoja nasi, wanafuata kayamba, hatua haisimami.

Kwa hiyo tuna maombi matatu kwa ajili ya Jumapili ya Jubilei. Kwa waamini wote: wakati wa matoleo ngoma itakapobaki peke yake, vigelegele vyenu tunavipenda, mcheza kwao hutunzwa. Lakini tunawaomba mvitunze mpaka kiitikio kirudi. Muda wa viitikio viwili si mrefu. Kama mnaujua wimbo, uimbeni moyoni pamoja nasi, mtaona utamu wake. Na simu zipumzike.

Kwa wapigaji wa kayamba: mbele ya watu wote tunasema kwamba mlishikilia kitu kikubwa kuliko tulivyowaambia, na kosa la kutowaambia ni letu.

Kwa Kamati, ambayo ni sisi wenyewe: tunaomba katika kikao kijacho uamuzi ule wa solo ya ngoma ufutwe rasmi, na iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba ulipitishwa bila kumsikiliza mhusika. Kitabu cha kumbukumbu kitasomwa na watakaoadhimisha miaka 50. Afadhali wajue kwamba tulikosea na tukarekebisha, kuliko wadhani kwamba mambo yetu yalikuwa sawa siku zote.

Na kwako wewe, kijana wetu, uliyekaa pale nyuma karibu na ngoma yako: uliondoka mbele ya watu, kwa hiyo tunakuomba radhi mbele ya watu. Tusamehe. Jumapili tutakuazima wimbo wetu. Tunajua utaurudisha, na safari hii utatukuta mahali petu.